Januari haijaisha na mimi nimeshachoka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbezi Luis, Dar es Salaam. Mkubwa yuko darasa la tano, wa kati darasa la tatu, na wa mwisho ana miaka minne, ameanza chekechea mwezi huu. Kazi yangu iko Posta, naingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na nusu jioni. Mume wangu anafanya kwa shifti: wiki moja anaingia asubuhi na kutoka saa nane mchana, wiki inayofuata anaingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku.

Gari la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naamka saa tisa na nusu. Napika chai, napiga pasi, natafuta soksi, najaza chupa za maji, naamsha watoto mmoja mmoja kwa ugomvi. Baada ya hapo ni daladala hadi Kimara, kisha basi la mwendokasi. Jioni nafika nyumbani saa moja ndipo naanza kukata vitunguu. Tunakula saa tatu na mdogo anakuwa ameshalala kwenye kochi. Jumamosi alfajiri jumuiya, halafu tuisheni ya wakubwa wawili, halafu kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Vikoba ninavyo viwili. Jumapili kanisani, mchana kwaya ya watoto, jioni mara nyingi kuna sherehe au kikao cha harusi ya mtu.

Dada wa kazi aliondoka kabla ya Krismasi kwenda kwao Singida, akasema atarudi shule zikifunguliwa. Simu haipatikani. Jirani ndiye anampokea mdogo mchana, na naona haya kuendelea kumtwisha mzigo wangu.

Mwaka ulipoanza nilinunua daftari nikaandika ratiba ya nyumba saa kwa saa, haikumaliza wiki. Mume wangu si mtu mbaya. Nikimwambia fanya hiki, anafanya, lakini lazima nimwambie. Simu nayo hainyamazi: grupu la shule, la ofisi, la ukoo, za harusi.

Shangazi, nipangie ratiba itakayokubali. Mwaka huu nataka nyumba itulie.

Mama wa Watatu, Mbezi

Marahaba mwanangu,

Ratiba sikupangii, na hiyo uliyoiandika ichane. Anayeishi Mbezi na kufanya kazi Posta hawezi kufuata ratiba ya saa kwa saa. Foleni, mvua, maji kukatika, umeme kurudi saa tano usiku: kikitokea kimoja tu, vyote vinavyofuata vinasogea, na ukifika usiku unajiona umeshindwa mambo sita ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Tatizo la nyumba yako ni wingi. Wingi haupangiki, unapunguzwa. Kwa hiyo tutafuta kwanza, tutagawana baadaye, na saa tutaziwekea mambo matatu tu: watoto kupanda gari, watoto kula jioni, na watoto kulala.

Hilo la kulala ndilo naanza nalo kwa sababu linavuta mengine yote. Mtoto wa umri wa shule anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, ukijumlisha na wa mchana. Wako wanakula saa tatu usiku na kuamshwa saa kumi na nusu. Huo ugomvi wa alfajiri si utundu, ni usingizi haujaisha. Taa izimwe saa mbili kasoro robo. Ili iwezekane, watoto wale saa kumi na mbili na nusu bila kukusubiri. Najua mila yetu inataka wote mkae mezani pamoja. Hayo yawe ya Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi ukifika saa moja uwakute wameshiba na wameoga, ukae nao kwa daftari na maongezi, kisha walale.

Sasa kalamu. Jioni moja baba akiwa nyumbani, kaeni na karatasi moja kubwa. Andikeni kila jambo linalofanyika nyumbani kwenu kwa wiki, dogo kwa kubwa: kununua umeme wa LUKU, kukata kucha za mdogo, kulipa gari la shule, kujibu ujumbe wa mwalimu, kuangalia maji kwenye tanki. Mbele ya kila jambo wekeni safu mbili: nani anafanya, na nani anakumbuka. Safu ya pili ndiyo itakayomfungua mumeo macho, kwa sababu jina lako litashuka kutoka juu hadi chini. Usiitumie kumsuta. Fanyeni kazi mbili tu na hiyo karatasi: kwanza pigeni mstari mambo ya kuacha kabisa, ndipo mgawane yaliyobaki. Wengi hugawana kwanza, wakaishia kugawana hata yale yasiyostahili kufanywa na mtu yeyote.

Ya kuacha mimi nayaona haya. Tuisheni ya Jumamosi: mwaka huu huna mtoto aliye kwenye darasa la mtihani wa taifa, kwa hiyo ifute kwa wote wawili, labda kama mwalimu amekuambia kwa mdomo wake kuwa mmoja ana somo linalomshinda. Hapo mtafutie msaada wa somo hilo tu. Kwaya ibaki kwa anayeipenda, asiyeipenda apumzike. Kila mtoto jambo moja la ziada kwa muhula, basi. Jumuiya mnaweza kwenda kwa zamu, wiki hii wewe, wiki ijayo baba pale shifti inaporuhusu. Kikoba kimoja kiondoke, ila hapo kuna namna yake, nitaieleza baadaye.

Dada wa kazi. Usimsubiri wa Singida huku nyumba imesimama. Mtumie ndugu yake ujumbe mmoja wenye tarehe: asipojibu hadi Jumapili fulani, unaajiri mwingine. Jirani naye mpe tarehe ya mwisho na umlipe chochote kwa siku; haya inatokana na kutojua mzigo utaisha lini. Kisha jiulize kama unahitaji dada wa kulala kweli. Kwa jinsi mlivyo, pengo lenu halisi ni kuanzia saa sita mchana mdogo anaporudi hadi wewe kufika. Dada wa kutwa anayeingia saa sita na kutoka saa moja jioni anafanya saa 7. Kwa siku 6 ni saa 42, na unabaki ndani ya saa 45 za kawaida ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaziruhusu kwa wiki Tanzania Bara. Sheria hiyo hiyo inampa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Aliye chini ya miaka 14 usimwajiri kabisa. Kima cha chini cha mshahara hubadilika kwa tangazo la serikali, kwa hiyo ulizia kiwango cha mwaka huu kabla ya kukubaliana.

Madada wengi hawarudi Januari kwa sababu zinazojulikana: mshahara wa Desemba umecheleweshwa ili kumshikilia, likizo imetolewa kama zawadi bila malipo, au kazi haikuwa na mwisho na huko kwao ndiko amepata nafasi ya kuhesabu. Kumshikia mshahara hakumrudishi mtu, kunamfundisha kuzima simu. Safari ijayo mlipe mwezi wote na likizo yake kabla hajaondoka, mwandikiane tarehe ya kurudi iliyo wiki nzima kabla ya shule kufunguliwa, na nauli ya kurudi umtumie siku anayopanda basi. Chukua namba ya mzazi au ndugu mmoja. Na mwanzo wa kazi andikeni ukurasa mmoja: saa za kuingia na kutoka, siku ya kupumzika, tarehe ya mshahara, kazi zake, na kazi zisizo zake. Kufua nguo za ndani za watu wazima, kwa mfano, si zake. Mshahara ukiwa tarehe 30, uwe tarehe 30.

Chakula ndiko kunakokula jioni zako, na hapa nitakaa kidogo.

Ukiangalia vizuri, kinachokuweka jikoni kwa muda wa saa mbili kila usiku ni vitu viwili: mchuzi unaoanza na kitunguu kibichi, na mboga kama maharage inayohitaji muda mrefu. Viondoe hivyo viwili siku za kazi. Ugali na wali vipikwe siku hiyo hiyo, ni dakika 25 na dada au baba anaviweza.

Jumamosi usiku loweka maharage kilo moja na nusu kwa maji mengi, yalale humo saa 8 au zaidi. Jumapili mwaga maji hayo, osha, pika kwa maji mapya. Ukiwa na presha kuka ya lita 7, pika kwa awamu mbili. Maharage na maji yake yasivuke nusu ya chombo, kwa sababu povu na maganda hupanda na kuziba tundu la mvuke. Yaliyolowekwa huiva kwa dakika 20 hadi 30 tangu presha ianze kupiga. Kwa sufuria ya kawaida, hakikisha yanachemka kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto hafifu hauiharibu, na maharage nusu mabichi ndiyo yanayotapisha watu. Nyanya na limau visiingie kabla hayajalainika, uchachu wake unayafanya magumu. Kama yamegoma hata baada ya kulowekwa na kupikwa vizuri, ni maharage ya zamani, badilisha muuzaji. Magadi yatayalainisha, lakini yanakula ladha na vitamini. Kilo moja na nusu kavu inakupa takribani kilo tatu na nusu zilizoiva. Kwa familia yako hiyo ni milo minne.

Huku yanachemka, pika mchuzi wa msingi: vitunguu nusu kilo, saumu kichwa kimoja, mafuta nusu kikombe, nyanya kilo mbili zilizosagwa, chumvi kidogo. Kaanga vitunguu mpaka viwe vya dhahabu, tia saumu, tia nyanya, acha bila mfuniko kama dakika 40 mpaka mafuta yaelee juu. Usiharakishe hapo, maji yakibaki mchuzi unachacha mapema. Gawa sehemu tano. Kila sehemu ni mwanzo wa mlo mmoja: tia maharage, au dagaa waliokaangwa, au mayai, au nyama iliyochemshwa. Kutoka friji hadi mezani ni dakika 15. Tui la nazi lisiingie kabla ya kugandisha, likiyeyuka linakatika. Litiwe siku ya kupasha.

Kupoza nako kuna kanuni. Usiingize sufuria la moto kwenye friji na usiliache mezani hadi usiku. Mimina kwenye vyombo vipana na vifupi, vipoe, viingie friji ndani ya saa mbili tangu kushuka motoni. Cha siku tatu za kwanza kikae friji, kilichobaki kigandishwe, kila chombo na karatasi ya tarehe. Kama friji yako ni ya mlango mmoja, ile friza ndogo ya ndani haigandishi sawasawa. Usihifadhi humo zaidi ya wiki. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friji hushika baridi kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Weka humo kikombe cha barafu na sarafu juu yake. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, chakula kiliyeyuka ukiwa haupo na kuganda tena, kimwage.

Na kiporo cha wali, ambacho najua mtakipigania: kiliwe tu kama kililala kwenye friji. Wali uliolala ndani ya sufuria juu ya jiko, kwa joto la Dar, huota bakteria ambao mbegu zake zilinusurika kupikwa, na sumu wanayotoa haiondoki hata ukiupasha mpaka ufuke moshi.

Siku za wiki zipe mlo wake na usiulize tena. Jumatatu maharage, Jumanne dagaa, Jumatano mayai na mboga za majani, Alhamisi maharage au choroko (choroko hazilazimiki kulowekwa, kama dakika 40 zimeiva), Ijumaa nyama. Watoto watalalamika kidogo, kisha watazoea. Faida yake kubwa ni kwamba yeyote aliye nyumbani anajua atoe nini kwenye friza asubuhi. Mchicha na matembele endelea kununua gengeni siku hiyo hiyo, havikai. Vitunguu, nyanya, mchele na mafuta vinunuliwe mara moja kwa wiki, na hilo ni la baba. Mtungi wa gesi wa kilo 15 uandike kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliouwasha. Baada ya mitungi miwili utajua inadumu wiki ngapi, na mtungi mdogo wa kilo 6 ukae pembeni wa akiba.

Alfajiri. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya gari: watoto mlangoni saa kumi na moja na dakika 25, mezani saa kumi na moja na dakika 5, waamke saa kumi na dakika 45. Wewe saa kumi na nusu inatosha, umeokoa saa nzima. Lakini itatosha tu kama alfajiri hakuna kupiga pasi, kutafuta wala kupika kitu kipya.

Sare: kila mtoto mashati matatu, kaptula au sketi mbili. Anavaa la kwanza Jumatatu, la pili Jumanne, yote mawili yanafuliwa Jumanne jioni; Jumatano anavaa la tatu, Alhamisi na Ijumaa anarudia yale mawili. Jumamosi vinafuliwa vyote, Jumapili pasi. Wakati wa masika ongeza shati la nne, kwa sababu la Jumanne linaweza lisikauke hadi Alhamisi. Mashati ya mchanganyiko wa polista ukiyakung'uta na kuyatundika kwenye henga yakiwa na maji, yale ya Jumanne hayahitaji pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja. Kuiwasha kila alfajiri kwa shati moja ni kulipia joto ambalo hukulitumia. Soksi nunua jozi sita kwa kila mtoto, zote rangi moja na aina moja, ili yoyote iendane na yoyote. Tofautisha watoto kwa uzi wa rangi kwenye ukingo. Ugomvi wa soksi umekwisha hapo.

Kifungua kinywa: mayai yachemshwe usiku dakika 10, yapozwe, yakae friji na maganda yake. Viazi vitamu vichemshwe usiku pia. Chapati zipikwe Jumapili: kilo moja ya unga inatoa 10 hadi 12, ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga, la sivyo mvuke unazigandanisha, tenganisha kwa karatasi ya nailoni, gandisha, asubuhi dakika moja kila upande kwenye kikaango kikavu. Unachofanya alfajiri ni chai tu. Mifuko, viatu na chupa zilizojazwa maji vilale karibu na mlango, na hiyo ni kazi ya watoto kabla ya kulala. Wa darasa la tano aoshe vyombo vya jioni na soksi zake. Wa darasa la tatu ajaze chupa na kutoa sare zote. Mdogo apange viatu. Atavipanga kombo, viache hivyo.

Kuhusu baba, umeniambia jambo zito kwa maneno machache: anafanya ukimwambia. Basi acha kumwambia, mkabidhi. Kukabidhi ni kwamba anakumbuka yeye, ananunua yeye, na likiharibika analirekebisha yeye. Nampa haya: shule yote (grupu la wazazi awemo yeye, wewe toka, ada, gari, vikao), soko la wiki, LUKU, gesi na maji. Shifti zake, ambazo umeziandika kama tatizo, zinakusaidia. Wiki anayoingia saa nane mchana, alfajiri yote ni yake. Atarudi usiku amechoka, ndiyo, lakini watoto wakishaondoka ana muda wa kulala tena hadi saa tano, nafasi ambayo wewe huna. Wiki anayotoka saa nane mchana, chakula cha jioni na kuogesha ni vyake. Yeye akishika alfajiri, jioni ni ya dada na wewe. Akishika jioni, wewe unashika alfajiri. Hakuna wiki ambayo wewe unashika ncha zote mbili.

Mpango huu huwa unaharibiwa na mke mwenyewe. Mume ananunua nyanya zilizoiva sana, au anasahau kikao cha shule, mke anasema "basi niachie", na kesho yake kazi imerudi kwake. Kikao kimoja kikipita, kimepita. Usimkumbushe, usimsahihishe mbele ya watoto, na usifanye upya alichokifanya.

Simu ni dakika tano. Nyamazisha magrupu yote kwa kuchagua "daima", yapeleke kwenye kumbukumbu, acha la familia tu liwe na mlio. La ofisi lisome ukiwa kazini. Mengine mara moja kwa siku, watoto wakishalala.

Michango. Gawanya mara mbili: misiba na sherehe. Msiba haupangwi, unakwenda na unatoa. Sherehe zinapangwa. Wewe na baba wekeni kiasi kimoja cha sherehe kwa mwaka mzima, na ngazi tatu: ndugu wa damu, watu wa karibu, na wengine. Wa ngazi ya tatu wapate pongezi na salamu. Kosa kubwa ni kuandika ahadi kwenye kadi kwa aibu, kwa sababu kamati haimsumbui aliyesema hapana, inamsumbua aliyeahidi. Jibu mapema, kwa sentensi moja: "Hongereni sana, kwa mwaka huu tumejiwekea kiwango na tumeshakifikia, tupo pamoja kwa sala." Usieleze zaidi, maelezo ndiyo yanayofungua mazungumzo. Vikao vya maandalizi huna deni navyo.

Kikoba cha pili usitoke leo. Subiri mwisho wa mzunguko na mgawo wa hisa, maliza mkopo wako, na hakikisha hujamdhamini mtu ambaye bado anadaiwa. Ukitoka katikati unaweza kukatwa hisa zako kwa deni la mwingine. Toa taarifa kwa katibu mapema, na kuanzia leo usikope wala kudhamini huko.

Fedha ya kikoba hicho ikibaki, ndiyo itakayoilipa Januari ijayo. Jumlisha kila kilichotoka mwezi huu kwa ajili ya shule: ada, gari, sare, madaftari, viatu. Tuseme ni shilingi 1,320,000. Gawa kwa miezi 11, Februari hadi Desemba, ni 120,000 kwa mwezi, iende kwenye akaunti ambayo haina kadi wala haijaunganishwa na simu. Novemba baba aulize shuleni kama ada inalipwa kwa awamu. Sare mnunue Novemba pia, kabla mafundi na maduka hayajafurika, lakini viatu mviache hadi mwanzoni mwa Januari, miguu ya watoto hukua wakati wa likizo.

Usianze vyote kwa pamoja. Wikiendi hii fanyeni karatasi, maharage na mchuzi wa msingi. Wiki ijayo sare na saa za kulala, na ujumbe wa Singida uende leo usiku. Kumkabidhi baba kuanze Jumatatu ya wiki atakayoingia saa nane mchana, ili aanze na alfajiri, si na soko. Michango na vikoba vinaweza kusubiri Februari, ila kadi za ahadi usiandike nyingine hata moja.

Shangazi